Maoni Niliyowaandikia Wateja

Kwa mwaka mzima na ushee, kila neno baya ambalo wateja walilisema kuhusu mgahawa wetu nililisema mimi. Samaki wa jana, mhudumu anayenuka jasho, mpiga kinanda anayesinzia katikati ya wimbo, vyote vilitoka kwenye kalamu zangu tatu, na wateja wenyewe hawakuwa na habari. Sijutii yote. Mpiga kinanda alikuwa anasinzia kweli.

Mgahawa ulikuwa Kariakoo, ghorofa ya kwanza, hatua chache tu kutoka Mtaa wa Msimbazi, juu ya maduka ya masufuria na mabeseni. Siku za kazi tuliuza mtori asubuhi na ndizi nyama mchana kwa wenye maduka na makuli wao. Jumapili tulisogeza meza, bendi ikapanda kwenye jukwaa la mbao saa tisa alasiri, na wenye maduka walewale wakarudi wamepiga pasi, wengine na wake zao. Bosi alikuwa mtu wa Moshi. Mali yake aliipata kwenye vyombo, sio kwenye chakula, na Jumapili hakuwa anakanyaga pale kwa sababu alikuwa mzee wa kanisa. Siku moja alikwenda benki akaona wana sanduku la maoni. Wiki iliyofuata na sisi tukawa na letu, la mbao, lina kufuli, limeandikwa kwa rangi nyekundu TOA MAONI YAKO. Ufunguo akanipa mimi.

Mimi nilikuwa mpokea wageni. Nilikaa mlangoni, namkaribisha mtu, namwonyesha meza. Nilikuwa na miaka thelathini na moja, nimemaliza kidato cha sita, sijaolewa, na kanisani kwetu nilikuwa nasoma masomo misa ya kwanza. Bosi aliipenda sauti yangu. Kwa hiyo nikaongezewa kazi: kila Jumatatu saa mbili asubuhi, kabla hatujafungua, nafungua sanduku na kuwasomea wafanyakazi na wanabendi maoni, wao wamesimama mstari mmoja kando ya jiko. Anayetajwa anapiga hatua moja mbele. Bosi anakaa kwenye kiti na kikombe chake cha chai ya maziwa, amefumba macho, anasikiliza. Karatasi hakuwahi kushika hata moja. Alisema maoni ni siri ya mteja, nikishasoma nizitie kwenye mkaa.

Sasa mfanyabiashara wa Kariakoo haandiki maoni. Ana mdomo. Nyama ikiwa ngumu anakuita, anakuambia mbele za watu kwamba huyu ng'ombe alikuwa na wajukuu, mnacheka, unambadilishia. Ikimchukiza kweli hasemi kitu, anahamia kwa jirani. Jumatatu ya kwanza nilikuta ndani ya sanduku vijiti viwili vya meno. Ya pili sikukuta kitu.

"Ukumbi mzima unakula hapa, hakuna mwenye neno?" bosi akaniuliza. "Basi wewe hapo mlangoni huwaelezi. Unalala. Jumatatu ijayo ukija mikono mitupu, nitaweka mwingine."

Nikaandika. Mara ya kwanza niliandika sifa, nikidhani ndizo anazotaka. Mtori mtamu, wahudumu wachangamfu, Mungu awabariki. Bosi hakufumbua hata jicho. "Hao ndugu zenu," akasema. "Endelea." Kumbe sikuwa na nyingine. Wiki iliyofuata nikaandika kwamba samaki aliletwa mezani akiwa wa jana, na mpishi anadhani ndimu inaficha. Nilipoisoma bosi aliweka kikombe chini. Akamfokea mpishi mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, kisha akanigeukia mimi kwa furaha. "Umeona? Watu wanasema!"

Kuanzia hapo nikapata raha ambayo sikuwahi kuipata kazini, wala popote. Nilikuwa na mzee wangu mmoja anayeanza na "Ndugu mwenye mali, salaam", nilikuwa na kijana anayekata maneno, nilikuwa na mama mlokole anayemtaja Yesu kabla ya kutukana. Mzee nilimwandika kwa mkono wa kushoto. Kijana alitumia tishu ya mezani. Usiku chumbani kwangu sikufikiria mume wala kiwanja kama wenzangu, nilifikiria nani nimguse Jumatatu.

Kulikuwa na mhudumu mmoja mfupi, mpole, alikuwa ananiletea maandazi ya kwao. Niliandika kwamba akipita na sahani unasikia kwapa kabla ya mchuzi. Nilisoma taratibu, nikiacha nafasi kwenye nukta, kama tunavyofundishwa kusoma nyaraka za mitume. Akapiga hatua mbele. Alilia stoo asubuhi nzima. Kesho yake alikuja kajimwagia manukato mpaka macho yanawasha, na Jumatatu iliyofuata nikawa nimeshaandika kwamba yale manukato yanaharibu ladha ya samaki. Nilicheka chooni peke yangu, nimeziba mdomo kwa kanga. Sitasema kwamba nilikuwa naumia moyoni. Nilikuwa nacheka.

Na kitu kibaya zaidi ni kwamba mgahawa ulitengemaa. Vikombe vikang'aa, samaki wakawa wa leo. Bosi akawa anawaambia wenzake wa maduka ya vyombo kwamba siri ya biashara ni kumsikiliza mteja.

Mwimbaji wa bendi alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu. Alikuwa anatoka Kigamboni, anavuka na kivuko cha Magogoni gauni lake likiwa kwenye mfuko wa nailoni, kwa sababu goti lake moja lilikuwa limevimba na hakutaka kupanda ngazi zetu akiwa na gauni refu. Zamani aliimba na bendi kubwa, akasafiri mikoani. Siku hizo kumbi nyingi zilishaondoa bendi na kuweka wasichana wanaoimba juu ya muziki wa flashi, na yeye hakuficha hali yake. "Mimi maiki yangu ya mwisho ni hii," alikuwa anasema akivua viatu nyuma ya spika. "Nikishuka hapa sipandi tena popote. Nitaimbia kuku."

Alichokuwa nacho kuliko sauti ni salamu. Katikati ya nyimbo, magitaa yakienda polepole, alikuwa anawasalimia wateja mmoja mmoja kwa bidhaa zao. "Wa mabati, nimekuona, leo umekuja na mama mwenye nyumba! Wa mchele, mbona umekonda na mchele umepanda? Wa vitenge, karibu, wa vitenge, hilo shati la mke wako halikutoka dukani kwako!" Ukumbi mzima unacheka, na anayetajwa anainuka, anakwenda mbele akicheza, anamtunza noti. Mtu alikuwa anakaa bila kugusa chakula mpaka asalimiwe. Niliwaona wanaume wazima, wenye stoo za ghorofa tatu, wananyoosha shingo ili aone kwamba wapo.

Mimi mtu wa Songea, Mngoni. Yeye Mhehe wa Iringa. Kwa maana hiyo tulikuwa watani, na kwa watani hakuna neno lisilosemeka. Anaweza kukuzika ukiwa hai, na wewe unamzika yeye, mambo yanaishia hapo. Jumapili moja akaniona mlangoni nimenuna, akanikamata kwenye maiki.

"Jamani, mnamwona mtumwa wangu wa Kingoni pale kwenye sanduku? Babu yangu alimnunua kwa chumvi. Nyie watu wa mali, nawauzia kwa bei ya jumla. Mzigo umekaa stoo miaka thelathini na moja, hautoki! Nani ananipunguzia?"

Ukumbi ukapasuka. Wa mabati akapiga kelele, "Una kasoro?" Mwingine akauliza kama kuna punguzo. Mhudumu mfupi alikuwa karibu yangu, naye anacheka, akanisukuma bega. "Mjibu, dada! Mjibu!" Ndivyo inavyotakiwa. Nilitakiwa nipaaze sauti kwamba Wahehe wenyewe tuliwakuta porini tukawafundisha kula, watu wangecheka tena, naye angenikumbatia. Mimi nilikuwa nimesimama na tabasamu lililokauka, nasikia "mzigo hautoki" ikirudiwa kutoka meza hadi meza, na kila aliyerudia alinitazama kuanzia juu hadi chini. Mtani ukimkasirikia, aibu ni yako. Mimi nilimkasirikia, na nikamjibu kwa karatasi.

Nilianza na gauni. Kwa mkono wa mzee nikaandika kwamba mwimbaji anavaa gauni lilelile la kijani tangu mwaka uanze, na wateja wanaanza kulizoea kuliko wake zao. Akapiga hatua mbele na lile goti. "Namshukuru mteja," akasema. Jumapili iliyofuata alikuja na gauni la njano la kuazima lililombana mgongoni mpaka akawa anaimba kwa pumzi fupi. Nikaandika kuhusu pumzi. Akaacha nyimbo mbili ndefu.

Hakunifikiria vibaya hata siku moja. Kwake mimi nilikuwa msomaji tu. Akitoka kwenye mstari alikuwa ananipiga kofi dogo la mgongoni. "Mtumwa wangu una sauti! Nikifa utasoma wewe wasifu wangu, hata kama ni wa uongo." Nikimwamkia shikamoo anajibu marahaba, anaongeza bei yangu ya siku hiyo. Na mimi kila alipotaja bei niliiweka moyoni.

Kisha nikampiga mahali penyewe. Nilimtumia mama mlokole: "Bwana asifiwe. Tumekuja kula, hatukuja kusalimiwa. Huyo mama anataja biashara za watu hadharani kama anatuuza. Akome." Nikaisoma kwa sauti ya Ijumaa Kuu. Nilimwona akikunja uso, sio kwa hasira, alikuwa kama mtu anayejaribu kukumbuka alikanyaga wapi.

"Nawauza?" akauliza.

"Wateja wamesema," bosi akajibu. "Imba, usisalimie."

Jumapili hiyo aliimba tu. Magitaa yakaenda polepole, pale anaposalimiaga, na yeye akatazama sakafu mpaka pakapita. Wa mchele alikuwa ameshainuka nusu. Akabaki hivyo, mikono juu ya meza, kisha akakaa. Jumapili ya pili wakaanza kuulizana. Mtu wa Kariakoo unaweza kumpunja kwenye nyama akakusamehe, lakini ukimwona usimsalimie, umemtangazia vita. Nilisikia kwa masikio yangu wanasema mama kavimba kichwa, mama kapata wakubwa. Hakuna aliyemuuliza mwenyewe, kwa sababu anayenyimwa salamu haendi kuziomba. Hawakumtunza tena. Naye kule juu alikuwa anatii kwa nguvu zake zote, hata macho hakuyainua, akidhani kuwaangalia nako ni kuwauza.

Jumatatu baada ya Jumapili ya tatu nilifungua sanduku nikiwa na karatasi zangu mfukoni kama kawaida, nikakuta moja ambayo sio yangu. Ilikuwa imechanwa kwenye kitabu cha ankara cha duka la mabati, mwandiko mzito, kalamu imetoboa karatasi mahali pawili. Nakumbuka yote. "Mwimbaji wetu siku hizi hatusalimii, anatupita kama hatujui. Kama tumemkosea atuambie tumwombe radhi. Bila salamu zake Jumapili yetu haijaisha."

Ilikuwa karatasi ya kwanza ya kweli tangu sanduku lifungwe ukutani. Mtu ambaye haandiki kitu zaidi ya idadi ya mabati alikaa akatafuta maneno kwa ajili ya yule mama. Nilisimama nayo nikasikia wivu, wivu mtupu, kwa sababu hakuna binadamu aliyewahi kuandika kwamba bila mimi siku yake haijaisha. Nikaenda kwenye mstari. Nikasoma: "Mwimbaji wetu siku hizi hatusalimii, anatupita kama hatujui." Nikaikunja.

Akapiga hatua mbele.

"Wiki zile walilalamika unawasalimia," bosi akasema. "Leo wanalalamika huwasalimii. Gauni, pumzi, salamu. Mama, kila karatasi ni wewe."

"Bosi, nisalimie au nisisalimie? Sema moja, nitafanya hilohilo."

"Mimi sisemi. Wateja ndio wanasema." Akamwambia Jumapili inayokuja kuna binti ataletwa na flashi yake, na kwamba asichukulie vibaya, biashara ni biashara. Yule mama alibaki amesimama mbele ya mstari kana kwamba kuna karatasi nyingine inakuja. Mimi nilikuwa natia ile ya mabati kwenye mkaa. Nilikuwa na kinywa, na bosi alikuwa hatua tatu kutoka kwangu. Mkaa ulikuwa mkali, ikaisha mara moja.

Alinifuata mlangoni na mfuko wake wa nailoni.

"Naomba uniandikie kitu, mwanangu. Miwani nimeacha nyumbani, na mwandiko wangu unajua ulivyo."

Akasema, nikaandika, kwa mwandiko wangu halisi, mara ya kwanza katika kazi ile. "Wateja wangu, wa mabati, wa mchele, wa vitenge, wa mabeseni na wengine wote. Mlisema nisiwasalimie, nikanyamaza. Kama nilikosea kunyamaza, nisameheni. Kama nilikosea kusalimia, nisameheni pia. Sikutaka kumuuza mtu." Akaniomba nimsomee. Nikamsomea. Akaniomba niibandike juu ya sanduku, mahali ambapo yule aliyeandika ataiona. Nilisubiri aniite mtumwa, anitajie bei. Alisema asante, akashika ukuta, akashuka ngazi moja moja.

Jumapili binti wa flashi alikuwa anaimba, kiuno tayari, sauti ya mtu mwingine inatoka nyuma yake. Wa mabati alifika, akasimama mbele ya sanduku akisoma kwa midomo. Alisoma mara mbili.

"Dada, hii ya mama?"

"Ndiyo."

"Yuko wapi?"

"Ameachishwa."

"Anasema tulimwambia asitusalimie. Nani alimwambia?"

"Wateja," nikasema.

"Wateja gani? Sisi ndio wateja."

Akageuka akaenda meza kwa meza. Wewe ulisema? Wewe je? Wa mchele aliapa kwa mama yake mzazi. Wa vitenge alisimama kabisa. Hakuna aliyesema, na kila aliyekataa alimtazama jirani yake kwa mashaka. Akarudi kwangu anahema.

"Karatasi yangu mliisoma?"

"Tuliisoma."

"Yote?"

"Yote."

"Na tukiandika leo, kesho itasomwa?"

"Kila Jumatatu, mbele ya bosi mwenyewe."

Akatoa kitabu cha ankara mfukoni, akachana kurasa, akagawa. Sijawahi kuona kitu kama kile. Wanaume wenye mali wameinama juu ya meza kati ya sahani za kuku, wanaazimana kalamu, wanaulizana neno fulani linaandikwaje, mke wa mmoja anamwandikia mumewe. Wakapanga foleni mbele yangu, kila mmoja akatumbukiza ya kwake, wengine wakaniambia asante. Mwanya wa sanduku ulijaa, wa mwisho akaisukuma ya kwake kwa kidole.

Jumatatu saa mbili nilifungua kufuli mbele ya mstari. Zikamwagika mpaka sakafuni. Bosi alisikia zinavyoanguka, akatabasamu, macho yamefumba.

"Leo wamesema," akasema. "Soma."

Nikaokota ya juu. "Mrudisheni mama yetu," iliandikwa, herufi kubwa, hakuna kingine. Niliitazama muda mrefu kuliko inavyohitaji kusomwa. Hii ikisomwa, na ya pili, na ya tatu, bosi ataniuliza zile za mwanzo ziliandikwa na nani. Nikasafisha koo, nikasoma kwa ile sauti nzuri kwamba pilau ya jana ilikosa chumvi.

Mpishi akapiga hatua moja mbele, nami nikainama kuchukua ya pili.